Nani Atakitunza Kisima? Tafakari juu ya Historia ya Maji Safi Vijijini Mwetu



Juma hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo kila nyumba ya kijijini hulikumbuka kabla hakujapambazuka, nalo ni maji. Tutalitazama kwa njia ya historia, kwa sababu katika nchi yetu ya Tanzania swali la maji vijijini halikuanza jana, na majibu yake yamekwisha kujaribiwa mara nyingi. Asiyeyajua majaribio hayo hudhani kwamba shida yote ni kupata mtu wa kuja kutuchimbia kisima. Historia inatuonyesha kwamba visima vimechimbwa vingi sana, na kwamba vingi kati ya hivyo vimenyamaza. Hatuna budi kujiuliza kwa nini.

KABLA YA MABOMBA

Wazee wetu hawakuishi bila utaratibu wa maji. Katika miteremko ya Kilimanjaro, Wachagga walikuwa wamekwisha kuchimba mifereji yao, iitwayo mifongo, kabla ya utawala wa Wajerumani. Maji yalikingwa juu katika vijito vya msituni, yakaongozwa kandokando ya mabonde hata yakafika vihambani, yakawafaa watu, mifugo na migomba. Kila mfongo ulikuwa na wenyewe, nao walikuwa na kiongozi. Ilipotangazwa siku ya kuuzibua na kuutengeneza, kila nyumba ilipeleka mtu. Aliyekosa pasipo sababu alitozwa faini au alinyimwa zamu yake ya maji. Huko Ugogoni watu walifukua mchanga wa mito iliyokauka, wakayapata maji yaliyojificha chini. Usukumani, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, yalichimbwa malambo ya kukinga mvua kwa ajili ya watu na ng'ombe.

Hatusemi kwamba maji hayo yalikuwa salama. Lambo linalonywewa na ng'ombe na mtu pamoja huleta kuhara, na mto wenye konokono huleta kichocho. Watoto wengi walizikwa kwa sababu ya maji hayo. Lakini jambo moja lilikuwa wazi kwa kila mtu: nani anahusika na mfongo huu, na afanye nini unapoziba. Ndugu zetu, tuliweke jambo hilo moyoni, maana tutalihitaji mbele.

AHADI KUBWA

Wakati wa ukoloni miradi ya maji vijijini ilikuwa michache, na serikali za mitaa zilitakiwa kuchangia gharama zake. Baada ya Uhuru mambo yalibadilika. Mwaka 1965 Serikali iliamua kubeba yenyewe gharama zote za kujenga miradi ya maji vijijini, na kufikia mwaka 1970 ilikuwa imejitwika hata gharama za kuiendesha. Kwa maneno mengine, maji ya bomba ya kijijini yakawa bure. Uamuzi huo ulikwenda sambamba na roho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kwamba matunda ya Uhuru yamfikie mkulima wa jembe la mkono na si mtu wa mjini peke yake.

Kisha, mwaka 1971, ukazinduliwa Mpango wa Miaka 20 wa Maji Vijijini. Lengo lake lilikuwa kwamba kufikia mwaka 1991 kila kaya ya kijijini ipate maji safi, salama na ya kutosha katika umbali usiozidi meta 400. Tuutafakari kidogo umbali huo. Mama mwenye ndoo ya lita 20 hubeba kichwani kilo 20. Akienda mara nne kwa siku katika umbali wa meta 400, atakuwa ametembea zaidi ya kilometa tatu, nusu yake akiwa na mzigo. Hayo ndiyo yaliyokuwa matumaini makubwa ya wakati ule. Tunaweza kukadiria, basi, ukubwa wa mateso ambayo mpango huo ulikusudia kuyaondoa.

Katika miaka hiyo hiyo ilifanyika Operesheni Vijiji. Mwaka 1973 iliamriwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na mamilioni walihamishwa. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba watu waliokusanyika pamoja ni rahisi kupelekewa shule, zahanati na maji. Sababu hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake. Hata hivyo, mahali pengine watu walihamishwa kwanza na maji yakatafutwa baadaye, wakaachana na chemchemi walizozijua tangu mababu na kuwekwa kando ya barabara, mahali ambapo ardhi ilikuwa kavu.

MTU NI AFYA

Ni haki kulikumbuka pia jambo jema la mwaka 1973, ambalo wazee wengi wa parokia zetu bado wanalisimulia. Hiyo ni kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kipindi, wakasoma kitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya katika kijiji chao. Walijifunza habari za malaria, minyoo, kuhara, kichocho na kifua kikuu. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, na vyoo vya shimo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Vyoo hivyo vilichimbwa kwa majembe ya wenyewe, baada ya watu kuelewa kwa nini.

Mwaka uliotangulia, yaani 1972, kilikuwa kimetoka kitabu kilichotokana na utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1966 hadi 1968. Waandishi wake walikuwa Gilbert White, David Bradley na Anne White. Watafiti hao walifuatana na wachota maji katika sehemu 34, wakapima ndoo zao na safari zao. Walitufundisha kwamba magonjwa ya maji si ya namna moja. Kuna yale yanayonywewa pamoja na maji machafu, kama kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini kuna mengine, kama upele na trakoma ya macho, yanayokuja kwa sababu maji ni machache mno, hata mtu hawezi kunawa. Kwa hiyo maji yakiwa mbali, hata yakiwa safi, mtoto ataendelea kuugua, kwa kuwa mama hatayamwaga kwenye mikono na uso yale aliyoyabeba kwa taabu ili apikie.

Tazameni jinsi mambo haya matatu yanavyofungamana: maji safi, maji ya kutosha, na choo. Ukileta mojawapo na kuyaacha mengine, ugonjwa hupata mlango wa kuingilia.

PAMPU ZILIZONYAMAZA

Je, ahadi ya 1971 iliishia wapi? Wahisani wengi walikuja kusaidia, na nchi ikagawanywa kimikoa. Waswidi walifanya kazi kando ya Ziwa Victoria. Wadenmark walikwenda Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wafini Mtwara na Lindi, Waholanzi Shinyanga na baadaye Morogoro, Wanorwe Rukwa na Kigoma. Kazi nyingi njema ilifanyika, hasa miradi ya mserereko katika nyanda za juu, ambako maji hushuka yenyewe kutoka mlimani bila injini. Lakini kila mhisani alikuja na pampu zake na vipuri vyake, na kifaa cha mkoa mmoja hakikufaa katika mkoa wa jirani.

Hapo ndipo dhoruba ilipotukuta. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikausha hazina ya nchi. Injini za dizeli zilizokuwa zikivuta maji zilisimama kwa kukosa mafuta. Pampu za mkono zilisimama kwa kukosa mpira mdogo wa ndani ambao huchakaa kwa kawaida. Fundi wa Serikali alikaa wilayani, hana gari, au ana gari lisilo na mafuta. Na mwanakijiji, aliyekuwa ameambiwa kwa miaka mingi kwamba maji ni kazi ya Serikali, aliketi akamngoja fundi huyo.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu wale waliotangulia. Walikuwa na huruma ya kweli kwa maskini, na waliahidi walichoamini kwamba wataweza kukitimiza. Lakini ni lazima tuone kilichopotea. Katika kuyafanya maji kuwa ya bure, kisima kilikosa mwenyewe. Ule utaratibu wa mfongo, wa kila nyumba kujua siku yake ya kazi, haukupewa nafasi katika mpango mkubwa. Mwaka 1991 ulipowadia, lengo la meta 400 lilikuwa bado mbali. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikiri wazi kwamba ni takriban nusu tu ya watu wa vijijini waliokuwa na huduma ya maji ya kutegemewa, na kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya vijijini haikuwa ikifanya kazi ipasavyo.

Wakati huo huo ulimwengu ulikuwa umejifunza jambo. Umoja wa Mataifa uliitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa Muongo wa Kimataifa wa Maji ya Kunywa na Usafi wa Mazingira. Katika muongo huo wataalamu walitambua kwamba pampu bora ni ile ambayo wanakijiji wenyewe wanaweza kuifungua, kuitengeneza na kuifunga. Hivyo ikabuniwa pampu ya Afridev, ambayo utengenezaji wake wa kawaida unahitaji spana moja tu. Katika majaribio yake wanawake walifunzwa kuwa mafundi, nao wakaiweza kazi hiyo.

MZIGO MPYA

Tangu Sera ya Maji ya mwaka 1991, na zaidi ile ya mwaka 2002, upepo uligeuka. Sasa jamii ilitakiwa kuumiliki mradi, kuchangia sehemu ya gharama za ujenzi, na kulipa gharama zote za uendeshaji na matengenezo. Ziliundwa kamati za maji na mifuko ya maji, na baadaye jumuiya za watumia maji.

Wazo lilikuwa jema, lakini utekelezaji wake ulileta majeraha mengine. Mwaka 2009 shirika la WaterAid lilitoa taarifa kwamba karibu nusu ya vituo vya maji vya vijijini nchini havikuwa vikitoa maji, na kwamba robo ya miradi ilikuwa imeacha kufanya kazi miaka miwili tu baada ya kujengwa. Sababu zake tunazijua sote tunaoishi vijijini. Mfuko wa maji ulikuwepo katika daftari lakini haukuwepo benki. Hesabu hazikusomwa mkutanoni. Wenye nguvu walichota bila kulipa, na wajane wakafukuzwa kisimani kwa kukosa shilingi. Watu walipoona fedha zao zinapotea, wakaacha kuchangia; walipoacha kuchangia, pampu ikaharibika; ilipoharibika, wakarudi mtoni. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa mradi wa maji kijiji peke yake hakiwezi kuujenga tena.

Kwa sababu hiyo Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 2019 iliyoanzisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, ulioanza kazi mwezi Julai mwaka huo. Kamati nyingi ndogo zilianza kuunganishwa katika vyombo vikubwa zaidi vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ili viweze kuajiri fundi na mhasibu. Pampu za nguvu ya jua zimeanza kuondoa ule utumwa wa dizeli. Serikali iliweka lengo la kufikisha huduma kwa asilimia 85 ya watu wa vijijini kufikia mwaka 2025. Haya ni maendeleo ya kweli, tena yamepatikana katika nchi ambayo ilikuwa na watu milioni 12 hivi mwaka 1967 na ambayo sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu karibu milioni 62.

Hata hivyo, upande wa choo umebaki nyuma. Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea karibu nchi nzima, na kabla hakijatulia zaidi ya watu 30,000 walikuwa wameugua. Mwishoni mwa mwaka 2017 ilianzishwa kampeni ya Nyumba ni Choo, na mwaka 2024 jina la Mtu ni Afya likarudishwa kwa kampeni mpya. Kurudi kwa jina hilo baada ya nusu karne kunatukumbusha kwamba somo la 1973 halikuwa limekamilika.

Tena tukumbuke kwamba maji maangavu si lazima yawe salama. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Singida, maji yanayotoka ardhini huwa na madini ya floraidi kupita kiasi. Hayana harufu wala rangi, lakini huyageuza meno ya watoto kuwa ya kahawia, na yakizidi hupinda mifupa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mwaka 1974 nchi yetu ililazimika kuweka kiwango cha muda cha miligramu 8, kwa kuwa mahali pengi hapakuwa na maji mengine. Huko Ngurdoto, wataalamu wamejitahidi kuyasafisha maji hayo kwa kuyapitisha katika mifupa ya wanyama iliyochomwa. Kwa hiyo, kisima kipya kinapochimbwa, msione aibu kuuliza kama maji yake yamepimwa.

VISIMA VYA ISAKA

Ndugu wapendwa, Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kinatusimulia habari za Isaka. Baba yake Abrahamu alikuwa amechimba visima, lakini baada ya kufa kwake Wafilisti walivifukia kwa udongo. Isaka alivichimbua tena, akavipa majina yale yale aliyokuwa amevipa baba yake. Kisha watumishi wake walichimba vingine. Viwili vya kwanza viligombaniwa, na kwa sababu hiyo vikaitwa Ugomvi na Uadui. Isaka hakupigana. Alisogea mbele akachimba kingine, ambacho hakikugombaniwa, akakiita Rehobothi, yaani mahali pa nafasi.

Simulizi hilo linatufaa sana. Linatuambia kwamba urithi wa maji haukai wenyewe, na kwamba mtoto asipouchimbua upya utafukiwa. Aidha linatuambia kwamba kisima huweza kuleta ugomvi au amani, kwa kadiri watu wanavyokubaliana juu yake.

Mama Kanisa naye amelisema jambo hili bila kuficha. Muhtasari wa Mafundisho Jamii ya Kanisa, uliotolewa mwaka 2004, unafundisha kwamba maji ni zawadi ya Mungu na kwamba hayawezi kutendewa kama bidhaa tu miongoni mwa bidhaa nyingine. Tarehe 28 Julai 2010 Umoja wa Mataifa uliyatambua maji safi na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikazia kwamba kumnyima maskini maji salama ni kumnyima haki ya kuishi.

Baadhi yenu mtauliza: ikiwa maji ni zawadi na ni haki, kwa nini tulipe? Swali hilo ni zito, na historia yetu inatusaidia kulijibu. Maji ni zawadi, lakini bomba halikuota lenyewe. Tunacholipia ni jasho la fundi, mpira wa pampu, na ulinzi wa chanzo. Nchi yetu imekwisha kuona miaka ambayo hakuna aliyelipa, na mabomba yakakauka. Lakini imeona pia miaka ambayo kila mtu alidaiwa sawasawa, na mjane akarudi kwenye dimbwi. Njia ya haki iko katikati: mwenye uwezo achangie bila kukwepa, na asiyekuwa nao abebwe na wenzake. Wenye mfongo walimdai kila mtu kadiri ya nguvu za nyumba yake, maana walichomtaka ni mikono yake.

BASI, TUFANYE NINI?

Tunawaomba wanajumuiya wote, katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, walichukue jambo hili katika mkutano wa juma hili na kuulizana maswali machache. Ni nani anayeshika fedha za maji kijijini kwetu, na hesabu zake zilisomwa lini kwa mara ya mwisho? Ni nani kati ya majirani zetu, mzee au mgonjwa au mjane, asiyeweza kulipa, nasi tumlipie kwa zamu? Katika kamati ya maji wako akina mama wangapi, wao ambao ndio wabeba ndoo? Je, chanzo chetu kina miti bado, au kimegeuzwa shamba la mboga na malisho? Na nyumbani kwetu, je, choo kina mfuniko, na nje ya mlango kuna kibuyu chirizi na sabuni?

Hayo yote hayahitaji mhisani. Kibuyu chirizi ni dumu kuukuu, kamba na kijiti. Kusomewa hesabu ni haki ya kila mwanakijiji katika mkutano mkuu. Kumlipia jirani ndoo moja kwa siku ni sadaka ndogo, nayo Bwana aliahidi kutokuisahau hata kama ni kikombe kimoja tu cha maji ya baridi.

Mwenyezi Mungu awabariki wote wanaochimba, wanaotengeneza na wanaobeba maji, na awajalie pumziko la milele wale waliotuchimbia visima tunavyovinywa leo. Tuwaombee, na tuvitunze.

Tumsifu Yesu Kristo!